Mbwa wa Kienyeji wa Nyanda za Juu Kusini: Asili Yake na Tabia Yake

Katika vijiji vya Mbeya na Iringa, kuanzia mashamba ya mahindi ya Kilolo na Mufindi hadi kwenye migomba ya Rungwe na majaruba ya mpunga ya Mbarali, yupo mnyama ambaye kila mwanafunzi anamfahamu, lakini ni wachache waliopata kumtazama kwa makini. Mnyama huyo ni mbwa wa kienyeji. Mwili wake ni mwembamba, miguu yake ni mirefu kiasi, na manyoya yake ni mafupi. Rangi yake aghalabu ni ya hudhurungi, nyeusi, nyeupe, au mchanganyiko wa hizo. Masikio yake husimama au huinama nchani, na mkia wake mara nyingi hupinda kuelekea mgongoni. Uzito wake kwa kawaida ni baina ya kilo 10 na 20.

Katika zama za ukoloni walowezi wa Afrika Mashariki walimwita mbwa huyu "shenzi". Ukoloni umekwisha, lakini dharau hiyo imebaki. Hata leo mwenye kutaka kuonyesha kwamba ana mbwa wa maana husema kwamba amenunua wa kizungu, na huyu wa kijijini huitwa koko. Wahenga walisema asiyekujua hakuthamini. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba mbwa wa kienyeji si mbwa wa kigeni aliyeharibika. Yeye ni mbegu ya asili yenye historia yake, iliyoumbwa na mazingira ya Afrika kwa karne nyingi, nayo yastahili kuchunguzwa, kukingwa na maradhi na kuhifadhiwa kabla haijapotea.

Yafaa kuanza na asili yake. Mbwa wote wa kufugwa duniani, wakubwa kwa wadogo, wametokana na mbwa mwitu wa kijivu wa Ulaya na Asia. Hawakutokana na bweha wa Afrika, wala na mbwa mwitu mwenye mabaka anayeishi katika Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Huyo wa Ruaha ni spishi nyingine kabisa, na hazaani na mbwa wa nyumbani. Mifupa ya mbwa iliyofukuliwa Bonn-Oberkassel, Ujerumani, ina umri wa miaka ipatayo 14,000. Kwa hiyo watu wa kale waliochonga shoka za mawe pale Isimila, karibu na mji wa Iringa, zaidi ya miaka 200,000 iliyopita, hawakuwa na mbwa, kwa kuwa mnyama huyo hakuwapo bado popote duniani.

Mbwa aliingia Afrika akiwa amekwisha kufugwa. Mifupa ya mbwa imepatikana katika bonde la Naili nchini Misri, katika makazi ya wakulima wa kale kabisa wa huko, nayo ina umri wa miaka ipatayo 6,000 au zaidi. Kutoka kaskazini alisafiri pamoja na wafugaji na wakulima kuelekea kusini. Ushahidi mmoja wa safari hiyo umo katika lugha. Mwanafunzi akilinganisha neno "mbwa" la Kiswahili na "embwa" la Kiganda, "imbwa" la Kibemba na Kishona, na "mbwa" la Kilingala, ataona kwamba shina ni moja. Wataalamu wa lugha wanakubaliana kwamba neno hilo lilikuwamo katika lugha mama ya Kibantu. Maana yake ni kwamba wasemaji wa lugha hiyo walimjua mbwa kabla hawajatawanyika. Mbwa anayelala leo jikoni Tukuyu au Mafinga ni mrithi wa msafara huo mrefu.

Ushahidi wa pili umo katika jeni. Mwaka 2009 wanasayansi walichapisha matokeo ya uchunguzi wa damu ya mbwa wa vijijini zaidi ya 300 kutoka Misri, Uganda na Namibia. Walitaka kujua kama mbwa hao ni wenyeji wa kweli, au ni machotara wa mbwa waliokuja na Wazungu. Jibu lilikuwa wazi: wengi wao walikuwa na jeni za asili za Kiafrika zilizo mbali na za mbegu za Ulaya. Basenji, mbwa wa Kongo ambaye Waingereza walianza kumzalisha kwao katika miaka ya 1930, alionekana kuwa ndugu wa mbwa hao wa vijijini. Lakini yule mbwa mashuhuri anayeitwa kwa jina la Rhodesia alionekana kuwa na asili ambayo kwa sehemu kubwa si ya Afrika. Basi jina la Kiafrika si ushahidi wa asili ya Kiafrika, wala kukosa jina si ushahidi wa kukosa asili.

Hapa hapana budi kueleza tofauti iliyopo baina ya mbegu za aina mbili. Mbegu nyingi za Ulaya zilitengenezwa na wazalishaji katika muda wa miaka 200 hivi iliyopita, kwa kuchagua madume na majike wenye umbo fulani na kuwaandika katika daftari. Mbegu ya asili haikuandikwa popote. Imechaguliwa na mazingira pamoja na maisha ya watu. Kijijini, mtoto wa mbwa asiyestahimili minyoo, kupe, njaa na baridi hafikii umri wa kuzaa. Binadamu naye huchagua, ingawa hajiiti mzalishaji. Mbwa anayekula mayai au kuua kuku haishi muda mrefu, na yule anayeuma watoto wa nyumba hafugwi. Lakini jike hodari wa kulinda akizaa, majirani huja kuomba watoto wake. Uchaguzi wa namna hiyo, uliorudiwa vizazi kwa vizazi, ni kazi ya uzalishaji iliyo kamili, ijapokuwa haina karatasi.

Matokeo ya uchaguzi huo yameanza kuonekana katika maabara. Mwaka 2013 watafiti walionyesha kwamba mbwa kwa jumla wana nakala nyingi za jeni ya kimeng'enya kinachovunja wanga kuliko mbwa mwitu. Ndiyo sababu mbwa anaweza kuishi kwa ugali na makombo, chakula ambacho mbabu wake wa mwituni hakukizoea. Mwaka 2018 uchunguzi wa mbwa wa kienyeji wa Nigeria ulionyesha dalili za uteuzi asilia katika jeni mojawapo inayohusika na kinga dhidi ya vimelea vya nchi za joto. Mbwa wa Nyanda za Juu Kusini huishi katika mazingira yanayotofautiana mno, toka tambarare za Usangu zilizo karibu mita 1,000 juu ya usawa wa bahari hadi Makete na Kitulo, ambako mwinuko hupita mita 2,500 na umande huganda usiku. Je, mbwa wa Usangu na mbwa wa Makete ni sawa katika damu yao? Hilo ni swali la sayansi linalostahili jibu.

Ama kuhusu tabia, mbwa huyu hutimiza kazi zinazotakiwa na mkulima. Masikio yake ni mepesi, naye hubweka mapema mgeni akikaribia. Mara nyingi hupenda kutisha kuliko kuuma. Huwafukuza nyani, ngedere na nguruwe mwitu mashambani, na hufuatana na wachungaji malishoni. Ni kweli kwamba hatii amri kama mbwa wa polisi, lakini hakuzalishwa kwa ajili hiyo. Amezalishwa aishi karibu na watu, ajitafutie riziki na kuamua mwenyewe lini atoe sauti.

Watu wengine husema kwamba mbwa wakubwa wa kigeni ni bora zaidi kwa ulinzi wa mifugo. Hoja hiyo haifai kupuuzwa. Nchini Namibia mbwa wa Anatolia, ambao asili yao ni Uturuki, wamelinda mbuzi na kondoo dhidi ya duma tangu mwaka 1994, na baadaye mbwa wa aina hiyo waliletwa pia kwa wafugaji wanaopakana na Ruaha. Lakini huko Botswana watafiti walipomchunguza mbwa wao wa kienyeji, aitwaye mbwa wa Tswana, walimwona kuwa mlinzi hodari wa mifugo, tena wa gharama ndogo. Funzo ni kwamba mbwa wa kienyeji apimwe kwanza, ndipo wa kigeni aagizwe. Na kupandisha mbwa wa kienyeji kwa wa kigeni bila mpango ni jambo lisilorudishika, kwani jeni zikishachanganyika katika kundi zima hazichambuliwi tena kama mchele na pumba.

Lipo jambo zito zaidi. Mbwa huyohuyo ndiye mwenezi mkuu wa kichaa cha mbwa kwa binadamu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba ugonjwa huo huua watu wapatao 59,000 kila mwaka, wengi wao katika Asia na Afrika, na watoto ni wengi miongoni mwao. Dalili zikishatokea, mgonjwa hufa karibu daima. Kwa hiyo kumsifu mbwa wa kienyeji bila kutaja kichaa kungekuwa upungufu mkubwa. Lakini dawa ya ugonjwa huo si kuwaua mbwa ovyo. Wakiuawa, nafasi yao huchukuliwa na watoto wa mbwa wasiokuwa na kinga, na maambukizo huendelea. Utafiti uliofanywa kwa miaka mingi, ukiwamo ule wa Serengeti, umethibitisha kwamba asilimia 70 ya mbwa wakichanjwa, tena wachanga wakiwamo, mnyororo wa ugonjwa hukatika. Chanjo hiyo huokoa mtoto wa mkulima na mbwa wake kwa pamoja. Na aliyeumwa hana budi kuosha jeraha mara moja kwa maji na sabuni kwa muda wa dakika 15, kisha akimbilie hospitali apate chanjo.

Hapa ndipo penye nafasi ya kutenda. Siku ya chanjo mbwa hukusanyika mahali pamoja, nao hushikwa na wenyewe. Kwa gharama ndogo ya ziada, wataalamu wanaweza kuwapima uzito, kuandika rangi, masikio na mkia wao, na kuchukua tone la damu. Nyanda za Juu Kusini zina kituo cha utafiti wa mifugo Uyole na maabara ya mifugo Iringa, na Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo hakiko mbali. Shule za sekondari nazo zaweza kushiriki. Wanafunzi wakihesabu rangi na maumbo ya masikio ya mbwa wa kata yao, watakuwa na takwimu halisi za somo la urithi, badala ya kutegemea njegere za Mendel peke yake. Mwalimu ahakikishe tu kwamba mwanafunzi anaangalia na kuandika, na kwamba hamgusi mbwa asiyemjua.

Korea Kusini ilifanya jambo kama hilo mapema. Mbwa wa kisiwa cha Jindo, ambaye zamani alikuwa mwindaji wa wanavijiji tu, alitangazwa mwaka 1962 kuwa hazina ya asili ya Taifa, na mwaka 1967 ikatungwa sheria ya kumlinda. Afrika ya Kusini nako chama cha kumhifadhi mbwa wa kienyeji kiliundwa mwaka 1998. Katika nchi hizo mbwa huyo alikuwapo vijijini tangu zamani, na jambo jipya lilikuwa ni wataalamu kumwandika. Tanzania ina wataalamu, ina maabara, na mbwa wenyewe wangali wengi. Kazi iliyobaki ni kuwaandika wakati damu yao ingali yao.