Gari la Umeme na Mapafu ya Mpita Njia

Mjadala wa gari la umeme na gari la petroli umeendeshwa kwa muda mrefu kama mazungumzo ya wanunuzi. Huulizwa bei ya gari, maisha ya betri, umbali linaokwenda kabla ya kuchajiwa tena, na iwapo fundi wa mtaani ataweza kulitengeneza. Ni maswali halali kwa mwenye fedha mkononi. Lakini moshi hauvutwi na mwenye gari peke yake. Huvutwa na mama lishe wa kituo cha daladala, askari wa usalama barabarani, mwendesha bodaboda na mwanafunzi anayesubiri usafiri alfajiri. Hao hawakuulizwa wanapendelea injini ya aina gani.

Kitabibu, hoja ya msingi haina utata mkubwa. Chembechembe za moshi zenye kipenyo kisichozidi maikromita 2.5 hupenya hadi kwenye vifuko vya hewa vya mapafu, na zilizo ndogo zaidi huingia katika damu. Ndiyo maana madhara yake hayaishii kwenye kikohozi. Yanahusishwa pia na mshtuko wa moyo, kiharusi, saratani ya mapafu na watoto kuzaliwa na uzito pungufu. Mwaka 2012 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliuweka moshi wa dizeli katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani, pamoja na moshi wa tumbaku. Moshi wa petroli una hatari zake, ikiwamo kaboni monoksidi, gesi isiyo na harufu inayoshikamana na hemoglobini kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni kwa zaidi ya mara 200. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilishusha kiwango elekezi cha chembechembe hizo, kwa wastani wa mwaka, kutoka maikrogramu 10 hadi 5 kwa kila mita ya ujazo wa hewa.

Takwimu hizo hupata uzito zinapokuwa na jina. Ella Kissi-Debrah, mtoto wa miaka 9 aliyeishi kusini-mashariki mwa London karibu na barabara yenye msongamano, alifariki mwaka 2013 baada ya kulazwa mara nyingi kwa pumu kali. Desemba 2020 ofisa mchunguzi wa vifo alitamka kwamba uchafuzi wa hewa ulichangia kifo chake, na kwamba chanzo kikuu cha hewa hiyo chafu kilikuwa magari. Alieleza jambo jingine linalowahusu moja kwa moja wahudumu wa afya: mama wa mtoto hakupewa na wataalamu maelezo kuhusu hatari ya hewa hiyo kwa pumu ya bintiye, na kama angepewa, angechukua hatua ambazo huenda zingezuia kifo. Mtoto alitibiwa na wataalamu wa hospitali kadhaa, lakini barabara aliyoipita kila siku haikuingia katika matibabu yake.

Wanaolitilia shaka gari la umeme huuliza umeme wenyewe unatoka wapi. Kenya hupata sehemu kubwa ya umeme wake kutoka jotoardhi, maji na upepo. Tanzania hutegemea maji, hasa baada ya bwawa la Julius Nyerere lenye uwezo wa megawati 2,115, pamoja na gesi asilia. Lakini hata pale mtambo unapochoma gesi, kwa mapafu ya mtu aliyesimama Kariakoo si hoja ndogo kwamba moshi hautoki tena kwenye bomba lililo hatua moja kutoka puani pake. Shaka nyingine ina ukweli zaidi. Matairi na breki hutoa vumbi katika kila gari, na gari la umeme, kwa uzito wa betri yake, linaweza kumaliza matairi upesi, ingawa breki zake huchakaa polepole. Asiyetoa moshi hajaacha kutoa vumbi.

Penye haja ya ukali ni kwenye betri. Katika kitongoji cha Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri za risasi kiliwasababishia wakazi sumu iliyoingia katika damu ya watoto wao. Mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Betri za risasi ni zile zile zilizomo katika kila gari la petroli, kwa hiyo mkasa huo si hoja ya kuirudia petroli. Ila ni onyo. Bangladesh imejaza bajaji za umeme zinazotumia betri za risasi, na betri hizo zikichakaa lazima ziyeyushwe mahali fulani. Risasi hudumaza akili ya mtoto, na hakuna kiwango chake katika damu kinachojulikana kuwa salama. Nchi itakayoondoa moshi barabarani na kuleta risasi uani itakuwa imehamisha ugonjwa tu. Kuna pia kobalti, ambayo sehemu kubwa huchimbwa Kongo, katika eneo la Kolwezi ambako Kiswahili ndicho lugha ya machimboni, na watoto wamekuwa miongoni mwa wachimbaji. Zipo betri za litiamu zisizohitaji kobalti wala risasi. Anayeandika masharti ya kuingiza pikipiki na bajaji za umeme hana budi kuzitaja.

Swali lenye manufaa, basi, ni chombo gani kianze. Gari binafsi la umeme linaloshinda limeegeshwa ofisini husafisha hewa kidogo mno. Daladala na bodaboda huzunguka tangu alfajiri hadi usiku, katikati ya watu. Ethiopia mwaka 2024 ilizuia uingizaji wa magari binafsi ya petroli na dizeli. Rwanda iliamua kwamba kuanzia 2025 pikipiki mpya za kubeba abiria Kigali ziwe za umeme. Kwa jicho la tiba, Rwanda ilianza pale penye mapafu mengi zaidi. Uamuzi wa namna hiyo si mgeni Afrika: kufikia 2006 nchi za kusini mwa Sahara ziliacha petroli yenye risasi, ingawa nako kulikuwa na waliohofia gharama na injini kuharibika.

Daladala za umeme hazitafika kesho. Kinachowezekana leo katika kituo cha afya ni kumuuliza mgonjwa wa pumu, au wa shinikizo la damu, anafanya kazi wapi na hukaa barabarani saa ngapi, na kuliandika jibu katika faili. Mgonjwa naye asisubiri kuulizwa. Aseme kama kifua hubana zaidi siku za foleni. Na magari ya wagonjwa, pamoja na bodaboda zinazosubiri abiria getini, yazimwe injini yakiwa yamesimama, hasa chini ya madirisha ya wodi ya watoto.