Ganda la Risasi na Mahali Lilipolala

Siku nilipoazimwa mashine ya kutambua chuma ardhini nilijiona kama mtoto siku ya Idi. Tukafunga safari hadi Taita-Taveta, karibu na kilima cha Salaita, katika shamba la mwenyeji aliyeturuhusu kwa moyo mkunjufu. Mashine ililia karibu kila hatua. Kwanza misumari, kisha vifuniko vya soda, kisha mkebe wa samaki. Kufikia adhuhuri nilikuwa na maganda matatu ya risasi mfukoni.

Furaha ile leo naionea haya.

Kulitambua ganda si kazi ngumu. Ligeuze utazame kitako chake. La bunduki ya Mwingereza lina ukingo uliotokeza nje. La Mauser ya Mjerumani halina, ila mfuo tu unaolizunguka. Ukiona ganda nene, mdomo wake karibu milimita 11, hiyo ni Mauser kuukuu ya mwaka 1871, ambayo askari Waafrika wengi wa Mjerumani walipewa. Ilitoa moshi mzito, na moshi ukamfichua aliyefyatua. Msomaji usilisugue ganda kwa mchanga ili ling'are, maana utafuta alama zake. Langu moja lilikuwa na mshale juu ya herufi I: mali ya serikali ya India.

Wajerumani waliiteka Taveta Agosti 1914 wakachimba mahandaki Salaita. Tarehe 12 Februari 1916 Waingereza walikishambulia kilima hicho, wengi wao wakiwa wanajeshi wageni kutoka Afrika Kusini, wakarudishwa nyuma mbio. Waliosimama imara kuwazuia wenye kuwafukuza walikuwa kikosi cha 130 cha Mabulushi kutoka jeshi la India, na Waislamu humo walikuwa wengi. Je, ganda langu lilitoka mikononi mwa mmoja wao? Huenda ingejulikana, lau ningaliandika nililiokota wapi, kwa kina gani, na mengine yalilala upande gani. Sikuandika neno. Nililing'oa kama muhogo.

Wala sikuwa na kibali, ingawa sheria ya makumbusho na urithi ya mwaka 2006 inadai kibali kwa anayetafuta vitu vya kale ardhini. Na lau mashine ingalilia juu ya kombora lisilolipuka, pengine makala haya yangeandikwa na mwingine.

Wako watakaosema, vyuma vya vita vya wakoloni vyatuhusu nini? Vyatuhusu sana. Majeshi yale na shehena zao yalishukia Kilindini, na mizigo ikabebwa na wapagazi wa Kariakoo, ambao zaidi ya 40,000 walikufa kwa hesabu ya Waingereza wenyewe. Mwaka 2021 tume inayotunza makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Sanamu ya askari pale Mombasa tunaipita kila siku. Jina la mtu haina. Kwa watu hawa, kifungo au bizimu iliyolala mahali pake ni karibu ushahidi wa pekee kwamba walipita hapo. Anayeichimba akaiuza kwa mtalii anawaua mara ya pili. Na akikutana na mifupa, aache jembe papo hapo, awaite wakubwa wa mahali. Maiti ana heshima yake, awe wa dini yoyote.

Nataka vijana wa Taveta wenyewe wafundishwe kazi hii, wapewe ramani na daftari kabla ya mashine, nao walipwe.

Maganda yangu niliyapeleka kwa mtaalamu wa mambo ya kale. Aliyapokea kwa upole, akachukua kalamu.

"Umeyatoa wapi, bwana?"

"Salaita," nikasema.

"Salaita ni kubwa. Wapi?"