Mbwa asiyemwamini mtu ni vigumu kuchanjwa

MPANGO wa kitaifa wa kutokomeza vifo vya binadamu vitokanavyo na kichaa cha mbwa, uliozinduliwa mwaka wa 2014, unalenga kutimiza azma hiyo ifikapo 2030. Machakos ni miongoni mwa kaunti zilizoteuliwa kuwa za majaribio. Nguzo kuu ya mpango huo ni kuchanja angalau asilimia 70 ya mbwa kila mwaka.

Hata hivyo, mbwa hana budi kushikwa kabla ya kudungwa sindano. Aliyezoea mawe na mateke hutoroka au huuma, na mwenyewe hurudi nyumbani mikono mitupu.

Utafiti kuhusu mbwa wa Machakos uliochapishwa mwaka wa 2001 ulibaini kuwa zaidi ya nusu ya familia zilifuga mbwa, wengi wao wakiachwa huru mchana na usiku. Waliochanjwa hawakufika thuluthi moja. Kwa hivyo, si kila mbwa anayezurura sokoni ni mbwa koko. Huenda ana kwao, ila hana mlezi.

Kwa miaka mingi, mamlaka nchini zilikabiliana na mbwa hao kwa risasi na sumu. Shirika la Afya Duniani (WHO) linashikilia kuwa mauaji ya kiholela hayakomeshi kichaa. Sababu ni wazi: waliochanjwa huuawa pamoja na wasiochanjwa, na pengo lao huzibwa upesi na vizazi vipya visivyo na kinga.

Njia iliyo bora ni kuwapa makao. Jijini Nairobi, shirika la KSPCA huwaokoa mbwa, huwatibu na kuwatafutia walezi. Mkazi wa Mwala, Kangundo au Masii anayemchukua mbwa aliyetupwa anaweza kufanya vivyo hivyo, mradi aelewe kwamba aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.

Siku za kwanza mbwa huyo apewe pembe tulivu, maji na chakula kwa saa zile zile. Asikodolewe macho, asikumbatiwe kwa nguvu, wala asiburutwe kutoka mafichoni. Mlezi aketi kando, amwache amkaribie mwenyewe. Akishakubali kuguswa shingoni, azoeshwe kamba polepole. Kazi hiyo huchukua wiki kadhaa, pengine miezi. Adhabu ya kiboko huivuruga kwa dakika moja. Watoto wafunzwe kutomsumbua anapokula au kulala.

Kwa kuwa historia yake haijulikani, daktari wa mifugo amkague na kumchanja mapema. Naye anayeumwa aoshe jeraha papo hapo kwa sabuni na maji yatiririkayo kwa dakika 15, kisha akimbilie hospitali. Dalili za kichaa zikishajitokeza, kupona ni nadra mno.

Serikali ya kaunti ina wajibu wa kupeleka chanjo vijijini na kutangaza siku zake mapema katika mabaraza na makanisa. Lakini hakuna afisa awezaye kumtuliza mbwa kwa niaba ya mwenyewe. Imani hiyo hujengwa nyumbani, siku baada ya siku, na bila hiyo asilimia 70 itabaki kuwa tarakimu kwenye karatasi.