Anasoma, Lakini Anasoma Nini?

Mpwa wangu yuko darasa la kwanza, Magu. Likizo hii alinisomea ukurasa mzima wa kitabu chake bila kukwama. Nikafunika maneno kwa kiganja. Akaendelea! Nikamuuliza ukurasa unasemaje, akanyamaza. Nikauliza kwa Kisukuma kuhusu yule bata pichani, basi nikapewa habari za bata wa bibi yake mpaka chai ikapoa.

Halafu mtu ananiambia mtoto huyu mzito.

Tangu 2015 mtaala wa darasa la kwanza na la pili umejikita kwenye KKK: kusoma, kuandika, kuhesabu. Safi. Ila silabi za Kiswahili ni nyepesi mno, na hapo ndipo tunapodanganyika. Mtoto anaimba ba-be-bi-bo-bu, anatamka kila neno, haelewi hata moja, nasi tunampigia makofi.

Najua mtanijibu Kiswahili kimetuunganisha. Kweli, na ndicho kinachonilisha. Sisemi kiondoke. Nasema mtoto aanze kusoma kwa lugha anayoielewa, Kiswahili kifuate.

Eti lugha zetu za huku ziwani haziandikiki? Aniceti Kitereza wa Ukerewe alimaliza riwaya yake kwa Kikerewe mwaka 1945. Ikatoka 1980, tena kwa Kiswahili, baada ya mwenyewe kuitafsiri.

Shule zinafunguliwa Jumatatu. Nimemwandikia mpwa wangu habari za bata wa bibi kwa Kisukuma, kurasa mbili za daftari. Anasoma polepole, anakwama, anarudi nyuma, anacheka.