Tuanze na gharama

Ndugu mwandishi, umepanga orodha ya vyuo vya Marekani kwa kuangalia nani atakubaliwa wapi. Kwa mzazi wa Mwanza au Nakuru, hiyo ni nusu ya kazi. Chuo hakitoi fomu ya I-20, inayohitajika kuombea viza ya mwanafunzi, bila ushahidi wa fedha za mwaka wa kwanza: ada, malazi, chakula, bima ya afya. Misaada ya serikali kuu ya Marekani haimhusu mwenye viza ya mwanafunzi. Naomba sana vijana waanzie hapo.

Tukija kwenye shule zenyewe, Fisher ya Chuo Kikuu cha Ohio State, Columbus, ni shule nzuri ya biashara. Lakini msizibeze za vyuo vikuu vya Louisville na Buffalo; nazo zina ithibati ya AACSB, shirika linalothibitisha shule za biashara, kama Fisher. Ulizeni kila chuo ufadhili kwa wageni, na kama kukubaliwa chuoni ni kukubaliwa pia katika shule ya biashara.

Kwa Buffalo, fungueni ramani kabla ya kupanga chumba. Mtaa wa University District umeizunguka kampasi ya kusini ya chuo, ilhali shule ya biashara iko kampasi ya kaskazini, Amherst. Ni safari ya basi, tena kwenye theluji.

Halafu, tukirudi kwenye gharama, kuna ada ya SEVIS, mfumo wa Marekani wa kufuatilia wanafunzi wa kigeni: dola 350 tangu 2019, hulipwa kabla ya usaili wa viza.