Wakubwa Wanaposhindana, Sisi Tuwe na Maandishi



Juma lililopita, baada ya swala ya Isha, kijana mmoja alinisimamisha barazani akaniuliza: "Ustadhi, ikiwa Marekani na China ni mahasimu, mbona wanauziana bidhaa kila siku?" Swali hilo ni zito, na kwetu sisi wa Lukole jibu lake haliko mbali.

Aprili 2025 Marekani ilipandisha ushuru wa bidhaa za China hadi asilimia 145. China ikajibu kwa asilimia 125, tena ikabana uuzaji wa baadhi ya madini adimu yanayotumika katika magari na ndege za kivita. Mwezi uliofuata walikutana Geneva, wakapunguziana. Si kwamba mapenzi yalirejea. Kila mmoja alitambua kuwa akimnyima mwenzake, viwanda vyake mwenyewe vitaumia. Biashara inawazuia wasipigane, na hofu inawazuia wasiaminiane.

Sasa tutazame nyumbani. Umeme wa Rusumo, megawati 80 zinazogawanywa baina ya Tanzania, Rwanda na Burundi, ulitokana na fedha za Benki ya Dunia, ambayo mwanahisa wake mkubwa ni Marekani. Ujenzi wa bwawa ukafanywa na wakandarasi wa Kichina. Kisha ipo nikeli ya Kabanga, katika wilaya yetu hii ya Ngara. Nikeli huingia katika betri za magari ya umeme na katika chuma kisichoshika kutu, na makampuni ya Kichina yameshika sehemu kubwa ya usafishaji wake duniani, hasa kule Indonesia. Ndiyo maana Kamala Harris, akiwa Makamu wa Rais wa Marekani, alipofika Dar es Salaam Machi 2023 hakuacha kuizungumzia.

Katika kampuni ya Tembo Nickel, taifa letu lina hisa asilimia 16, na hisa hizo zimeandikwa. Je, haki ya familia yako imeandikwa?

Wazee wetu wanakumbuka 1994, mamia ya maelfu ya watu walipovuka daraja la Rusumo, na miaka ambayo Lukole ilikuwa kambi ya wakimbizi hadi 2008. Mambo ya dunia hutufikia bila kubisha hodi. Leo yanaweza kuja kwa sura ya mpimaji mwenye fomu ya fidia.

Basi mume asisaini peke yake. Mke aliyelima shamba hilo akae naye, wasome pamoja. Mipaka iandikwe mashahidi wangali hai. Fungu la yatima lisichanganywe na la mjomba. Na kijana aliyeniuliza swali lile ajifunze uchomeleaji au ufundi umeme, kwani mgodi hauajiri maswali.

Nakiri mbele yenu kwamba hata kiwanja cha msikiti wetu hakina hati; faili lake limelala kabatini kwangu muda mrefu. Jumatatu, inshaallah, nitalipeleka ofisi ya ardhi. Nawe, ndugu yangu, fungua kabati lako.

Wabillahi tawfiq.