Mwani Katika Tangi la Samaki
Tangi letu la maji ya chumvi lilipojaa mwani kama manyoya ya kijani, tulilaumu taa. Kumbe kosa lilikuwa letu: kila mtoto alikuwa akiwalisha samaki kwa wakati wake. Chakula kinachobaki huoza kikawa mbolea ya mwani, nao hufunika matumbawe hata yakafa.

Sasa analisha mmoja tu, kiasi kinachoisha kwa dakika 2. Mwani tunaung'oa kwa mkono. Taa tunaziwasha kwa muda wa saa 8 tu kwa siku. Kila juma tunabadilisha sehemu 1 ya 10 ya maji, kwa maji safi yaliyochujwa na kutiwa chumvi ya tangi.

Dawa yenye shaba msitie kamwe. Huua konokono wanaokula mwani, na matumbawe pia. Vumilieni, hauondoki kwa siku moja.